Masafa ya Msafiri: Kutoka Misafara ya Wapagazi hadi Ndege, Shinyanga na Geita

  

Baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa Shinyanga mjini, kijana anayefanya kazi katika mgodi mmoja wa upande wa Geita alitujia na simu mkononi. Akasema: "Sheikh wangu, hapa pameandikwa kwamba kutoka Mwanza hadi Geita ni kilomita 84. Mimi miaka yote nimekuwa nikipunguza swala njiani. Je, nimekosea?" Hatujafungua kinywa kujibu, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akaingilia kati: "Mwanangu, sisi tulikuwa tukishinda kutwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Siku hizi mna daraja, mtu anafika kabla chai yake haijapoa. Hiyo nayo ni safari ya kupunguza swala?"

Ndugu msomaji, kauli mbili hizi zinabeba makosa mawili yanayozunguka sana katika misikiti yetu ya Kanda ya Ziwa. Kijana ameshika umbali wa mstari ulionyooka, ule anaoupita ndege angani, akaufanya ndio masafa ya njia aliyopita kwa basi. Mzee ameshika saa, akazifanya ndizo kipimo cha safari. Na hatusemi haya kwa kuwacheka, kwani sisi wenyewe tuliwahi kukosea katika mas-ala haya haya. Katika miaka yetu ya mwanzo ya kusomesha, wafanyabiashara wa samaki walituuliza kuhusu safari ya Mwanza na Geita. Tulichukua ramani ya shule, tukaweka rula juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, tukapiga hesabu, tukawaambia: haifiki, timizeni swala na wala msifungue. Swala zao hazikudhurika, kwa kuwa mwenye kutimiza hana lawama katika madhehebu yetu. Lakini walifunga Ramadhani nzima wakipigwa na jua kwenye foleni ya kivuko, na ruhusa ya Mola wao ilikuwa mikononi mwao, sisi tukawapokonya kwa rula.

Basi tuanze na asili. Allah (S.W.) ametaja kupunguza swala katika Surat An-Nisaa, aya ya 101, na humo imetajwa hofu ya makafiri. Ya'la bin Umayya alimuuliza Sayyidna Umar (r.a.): mbona sasa watu wako katika amani na bado tunapunguza? Umar akamjibu kwamba jambo hilo lilimshangaza yeye pia, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamfahamisha kuwa hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa waja wake, basi waipokee. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Jibu hilo limetenga hukumu na khofu. Khofu iliondoka, sadaka ikabaki.

Kisha wanazuoni wakatazama: je, safari ni ya umbali gani? Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar na Ibn Abbas (r.a.) kwamba walikuwa wakipunguza na kufungua katika burudi nne, nazo ni farsakh 16. Kila farsakh ni maili tatu, kwa hiyo ni maili 48 za Kihashimiya. Huo ndio mwendo wa marhala mbili ambao kila mwanafunzi wetu ameuhifadhi tangu Safinatun Najaa, pale yanapohesabiwa masharti saba ya kupunguza na la kwanza likawa ni hilo la marhala mbili. Wenzetu Mahanafi wamekwenda kwa mwendo wa siku tatu, mwendo wa wastani wa ngamia na wa miguu, na masheikh wengi wa Bara Hindi wameukadiria kuwa ni kilomita 77 na kitu. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria, sawa na 1328 Miladia) alisema hakuna mpaka wa maili, bali kila kinachoitwa safari katika ada ya watu. Kauli yake ina wenyewe, nasi hatuibezi. Ila hapa tunazungumza na watu ambao wengi wao ni Mashafii, waliokulia kwenye marhala mbili.

Tatizo la marhala mbili ni kuzigeuza ziwe kilomita. Wanazuoni wamekhitalifiana maili ina dhiraa ngapi: wako waliosema 3,500, wako waliosema 4,000, na Imam Nawawi amepokea 6,000. Dhiraa nazo si moja. Ndiyo maana utakuta kitabu kimoja cha zama zetu kinasema kilomita 80 na kitu, kingine 83, kingine karibu 89. Sasa angalia zile kilomita 84 za kijana wetu. Zimeangukia katikati kabisa ya shaka. Lau angekuwa ametuuliza Shinyanga na Mwadui, tungemwambia haifiki hata nusu. Lau angeuliza Shinyanga na Geita, tungemwambia hata kwa mstari ulionyooka ni kilomita 150 na zaidi. Lakini aliuliza njia ambayo rula inaiweka kwenye shaka na barabara inaitoa humo.

Kwani hukumu inafuata njia ipi? Fuqahaa wamelijibu hili zamani, walipozungumzia mtu mwenye njia mbili za kufikia anakokwenda, moja ndefu inayofika masafa na moja fupi isiyofika. Akipita ndefu kwa lengo sahihi, kama vile usalama au wepesi wa njia, atapunguza. Akiipita bila ya lengo lolote ila kutafuta ruhusa, hatapunguza katika kauli iliyo dhahiri zaidi kwa Mashafii. Mahanafi wamemruhusu. Kinachotazamwa, basi, ni njia anayopita mtu kwa miguu yake au kipando chake. Rula juu ya ramani haina nafasi hapo. Na abiria wa basi kutoka Mwanza hawezi kupita juu ya maji ya ghuba; anashuka Usagara, anavuka Kigongo na Busisi, anapita Sengerema, ndipo aingie Geita. Njia hiyo inazidi kilomita 100. Hana njia fupi aliyoikimbia. Kwa hiyo kijana wetu hakukosea kupunguza njiani. Tena tulimuongezea jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa kuwa njia hiyo inazidi marhala mbili lakini haifiki marhala tatu, bora kwake katika madhehebu yetu ni kutimiza, ili atoke katika khilafu ya Mahanafi, ingawa kupunguza kunajuzu. Safari ya Mwanza na Dar es Salaam ni kinyume chake, humo bora ni kupunguza.

Na mzee wetu je? Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lina urefu wa kilomita tatu hivi, na lilizinduliwa Juni 2025. Limejengwa mahali pale pale palipokuwa pakipita vivuko. Kwa hiyo halikukata masafa hata ya kuingia kwenye hesabu; limekata saa. Foleni iliyokuwa ikila saa mbili tatu na wakati mwingine nusu ya siku, imekuwa ni dakika chache za gari. Ikiwa saa ndizo kipimo, basi itabidi tuseme kwamba safari ile ile ya Mwanza na Geita ilikuwa safari ya kisheria mwezi wa Mei, ikaacha kuwa safari mwezi wa Julai, na ardhi haikusogea. Hakuna faqihi anayesema hivyo.

Hapa ndipo tunapohitaji tarikhi, kwa sababu nchi hii ya Usukuma na Unyamwezi imeushuhudia wakati ukisinyaa kuliko nchi nyingi, hali masafa yamebaki yale yale. Wasafiri wa zamani walihesabu kwa masiku. Ibn Battuta alipokuja pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba kutoka Zeila hadi Mogadishu ni safari ya baharini ya nyusiku kumi na tano. Hivyo ndivyo watu wa bahari walivyosema, na pepo ndizo zilizokuwa saa yao. Bara hakukuwa na pepo. Kulikuwa na mabega ya wapagazi.

Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni, na wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wenyewe walihesabu siku 134. Pale Kazeh walipokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu, miongoni mwao Sheikh Snay bin Amir wa kabila la Harithi, naye ndiye aliyewaeleza habari za ziwa kubwa la kaskazini. Inafaa wanafunzi wetu wakumbuke jambo hili wanaposoma katika vitabu vya shule kwamba ziwa "liligunduliwa": habari zake zilikuwa zikizungumzwa barazani Kazeh wakati Mzungu hajaliona. Speke aliondoka Kazeh tarehe 9 Julai 1858 pamoja na Sidi Mubarak Bombay, wakapita Msalala, nchi ambayo leo ina mgodi wa Bulyanhulu, na tarehe 3 Agosti wakasimama mahali pa kuliona ziwa wazi, karibu na Mwanza. Siku 25, maili 226 kwa kipimo chake.

Tugawe. Maili 226 kwa siku 25 ni maili tisa kwa siku, za Kiingereza. Na marhala moja, mwendo wa siku moja wa ngamia aliyebeba mzigo, ni maili 24 za Kihashimiya. Msafara wa wapagazi, basi, pamoja na siku zake za kupumzika, za kungoja chakula na za kulipa hongo kwa watemi, haukufika hata nusu ya marhala kwa siku. Sasa mwanachuoni aliyekuwa Tabora wakati ule, lau angefutu kwa masiku ya msafara na akasema "siku mbili ni safari", angempunguzia swala mtu aliyekwenda maili kumi na nane tu. Tunaona hili ni jambo la kuzingatiwa sana. Watu wengi hudhani kwamba kipimo cha wakati kimeharibiwa na ndege. La. Kilikuwa hakifai hapa kwetu tangu zama za wapagazi, kwa upande wa pili: ndege inafanya masafa marefu yaonekane si safari, na msafara ulifanya masafa mafupi yaonekane ni safari. Maili 48 haziyumbi huku wala kule.

Na ile mas-ala ya njia mbili nayo ina ushahidi katika tarikhi yetu. Mwaka 1871 vita vilizuka baina ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na Waarabu wa Tabora, na njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzunguka kusini ndipo akapanda hadi Ujiji, akafika mwishoni mwa mwaka huo. Misafara ya Waislamu nayo ilizungukazunguka vivyo hivyo mpaka suluhu ilipopatikana miaka michache baadaye. Mtu aliyezunguka kwa kuogopa mikuki ya rugaruga, hiyo ndiyo njia ndefu kwa lengo la amani iliyotajwa na mafuqahaa. Wala tusidhani imekwisha. Baada ya msiba wa MV Bukoba Mei 1996, na baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 2018, tumewajua watu walioapa kutopanda chombo cha majini tena. Mtu wa namna hiyo, wakati bado hakuna daraja, akitoka Mwanza akazunguka kwa Shinyanga na Kahama mpaka Geita, lengo lake lilikuwa sahihi, na njia yake ndiyo iliyohesabiwa kwa urefu wake wote.

Stanley alirudi tena. Safari hii alitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageyi kwenye ufukwe wa ziwa, mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Zilikuwa siku mia moja na kidogo, na maili 720 kwa hesabu yake, ambazo ni karibu kilomita 1,160. Ukichukua barabara ya leo kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza, utakuta ni kilomita 1,150 hivi. Basi la alfajiri hulipita zulia hili kwa kutwa moja na sehemu ya usiku. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza kupitia Shinyanga likakamilika mwaka 1928. Zinapata kilomita 1,200 na zaidi, na gari moshi lilizikata kwa takriban siku mbili. Ndege inaruka kilomita 850 tu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa saa moja na nusu.

Hizo kilomita 850 na zile 1,150 zinatukumbusha kazi ya Abu Raihan Al-Biruni. Mwanachuoni huyu, aliyefariki yapata mwaka 440 Hijria (1048), aliandika kitabu kizima, Tahdid, ili kupata mahali ilipo Ghazna na upande wake wa Kibla. Alichukua masafa ya misafara baina ya miji, akayapunguza kwa ajili ya kona na mipindo ya njia, ndipo akapata umbali ulionyooka. Alijua vyema kwamba haya ni mambo mawili. Umbali ulionyooka ni wa Kibla na nyota, na umbali wa njia ni wa msafiri. Ukitaka kujua Kibla cha Shinyanga, tumia huo ulionyooka: ni kaskazini, ukielekea mashariki kwa nyuzi 14 hivi. Ukitaka kupunguza swala, tazama njia yako.

Basi tumefika kwenye ndege. Anayepanda ndege njia yake ni ya angani, hivyo kilomita 850 ndizo zake, nazo zimezidi marhala mbili mara nyingi. Lakini saa moja na nusu? Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) amelitaja katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi: bahari ni kama bara, na mtu akizikata maili hizo baharini kwa saa moja, atapunguza. Washereheshaji wakaongeza mfano wa mwenye farasi wa mbio anayekata masafa yote kwa sehemu ya siku. Mahanafi nao, pamoja na kupima kwa masiku, walisema kuwa mjumbe wa barua anayekwenda kwa haraka, akaikata njia ya siku tatu kwa siku mbili, atapunguza. Kinachopimwa kwao ni njia. Kasi ya mpandaji haikuwashughulisha. Sisi tulipoisoma ibara ile ya Minhaj tukiwa vijana, sheikh wetu aliisoma haraka akapita, kana kwamba ni mfano wa kufikirika tu. Imam aliyeishi Damascus miaka mia saba na zaidi iliyopita amewajibu abiria wa Mwanza, na sisi tulikuwa tukiipita kila mwaka.

Ama sababu ya haya, wanafunzi wa Usulu wanaijua. Illa ya hukumu ni safari yenyewe, na mashaka ni hekima yake. Mashaka hayadhibitiki: mfalme husafiri juu ya mito laini, na mbeba mizigo wa sokoni huchoka bila ya kutoka mtaani kwake. Illa lazima iwe kitu kinachodhibitika, ndipo imamu na mwanafunzi, tajiri na mpagazi, wasimame sawa mbele ya hukumu.

Hata hivyo ndege imeleta mambo yake. Safari ya kisheria huanza mtu anapovuka majengo ya mji wake. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, na majengo yameufuata na kuuzunguka. Mkaazi wa Mwanza aliyekaa ukumbini akingoja ndege bado yumo mjini kwake, hata kama ameshakabidhi begi na kukaguliwa. Atatimiza Adhuhuri, na hatajumuisha Alasiri kwa sababu ya safari ambayo haijaanza. Pembeni yake amekaa mtu aliyetoka Geita asubuhi. Huyo ni msafiri, atapunguza. Tumewahi kuwaona watu wawili wa namna hii wakivutana kwenye chumba cha kuswalia, kila mmoja akimdhania mwenzake hajui dini. Mwenye kutoka Geita mjini kwenda kupanda ndege uwanja ulioko Chato, ambao uko mbali kwa kilomita 60 na zaidi, asihesabu kipande hicho peke yake. Anahesabu hadi mwisho wa safari yake, na akishatoka Geita huwa msafiri. Wa Shinyanga naye vivyo hivyo akielekea Ibadakuli, maadamu ameyaacha majengo ya mji.

Wakati wa kufuturu ndio unaotatiza zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kuelekea magharibi kwa nyuzi sita na robo hivi, na kila nyuzi ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua la Mwanza linachelewa kwa dakika kama 25, ukiacha tofauti ndogo za majira, na aliye juu angani huliona kwa muda mrefu zaidi kuliko aliye chini. Aliyefunga akapanda ndege saa 11 na nusu jioni asifuturu kwa saa ya Dar es Salaam huku jua linammulika dirishani. Atangoja lizame pale alipo. Ajabu ni kwamba Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, umbali wa kilomita 3,160 hivi. Hujaji huruka zaidi ya saa nne na saa yake ya mkononi haibadiliki, na mfanyabiashara wa Mwanza kwa saa moja na nusu amelisogeza jua lake.

Tulipomaliza kumueleza kijana habari za njia, tulimuuliza swali ambalo yeye hakuliuliza: "Na ukishafika mgodini, unaswali vipi?" Akasema anapunguza, kwa kuwa yuko mbali na kwao. "Kwa siku ngapi?" Akasema zamu zao ni za wiki kadhaa, kisha wanarudi nyumbani kupumzika.

Hapo ndipo lilipokuwapo kosa. Msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika kwa Mashafii mara tu anapofika. Kwa Mahanafi ni siku 15. Yule ambaye hajui atamaliza lini, anangoja haja yake itimie leo au kesho, ndiye aliyepewa nafasi hadi siku 18. Mfanyakazi wa zamu ana ratiba ukutani. Anajua siku yake ya kutoka kabla hajaingia. Huyo ni mkaazi, atatimiza swala na atafunga Ramadhani. Vijana wengi wameingia katika hili tangu migodi mikubwa ilipofunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na maimamu wa maeneo hayo wajue kwamba si wote watakaouliza.

Wachimbaji wadogo wana mas-ala yao. Mtu husikia kwamba kuna duara limetema huko porini, hajui hasa ni wapi, anafunga mzigo na kutoka. Akifika anaambiwa wamehamia kwingine, anafuata. Anaweza kumaliza kilomita 300 kwa namna hiyo. Fuqahaa wamesharutisha msafiri ajue tangu mwanzo mahali anapokwenda na kwamba panafika masafa. Mwenye kuhangaika bila ya makusudio maalumu hapunguzi, hata akizunguka dunia. Lakini mchimbaji aliyetoka Shinyanga akisema "nakwenda Geita, kisha nitasikiliza habari", huyo ana makusudio na atapunguza hadi afike Geita. Kuanzia hapo tena mambo yanategemea anachojua. Waulizeni, enyi maimamu, wanapokuja kuuliza: "Ulipotoka, ulikuwa unakwenda wapi?"

Kijana yule alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza juu ya swala alizozipunguza mgodini. Tulimwambia kwamba katika madhehebu yetu swala zile zimo katika dhima yake, azilipe kwa kadiri anavyoweza, na kwamba wako wanazuoni wanaomsamehe asiyejua. Yeye mwenyewe akachagua kulipa. Akafungua tena ile simu, safari hii akatafuta kalenda ya zamu zake, akaanza kuhesabu tangu mwezi alioajiriwa: Adhuhuri, Alasiri na Isha. Mzee wa kwenye nguzo alisogea akamsaidia kujumlisha. Adhana ya Magharibi iliwakuta wamefika mwaka wa pili.

Wallahu aalam.